Dini Imetuletea Mema au Mabaya?



Juma lililopita, baada ya ibada, kijana mmoja alituuliza: "Baba zangu, waliowachomea nyumba walikuwa Wakristo kama ninyi. Sasa dini inafaa nini?" Wengine wetu walitaka kumkemea. Lakini swali lake si la dharau. Ni swali la mtoto aliyezaliwa ukimbizini.

Tusifiche ukweli. Huko Nyange, Rwanda, Aprili 1994, watu zaidi ya 1,500 walikimbilia kanisani wakiamini kwamba hapo damu haitamwagwa. Kanisa likabomolewa juu yao kwa tingatinga. Mwaka 2008 mahakama ya kimataifa ya Arusha ilimhukumu padri wa parokia hiyo kifungo cha maisha. Tusinawe mikono kwa kusema kwamba wauaji hawakuwa waumini. Walibatizwa na kufundishwa katika makanisa yetu.

Lakini tukumbuke na Buta, Burundi. Tarehe 30 Aprili 1997 wenye silaha waliingia katika seminari ndogo, wakawaamuru vijana watengane, Wahutu huku na Watutsi kule. Vijana wakakataa. Waliuawa 40, wakiwa pamoja.

Ubatizo ni ule ule. Tofauti ilitoka wapi? Kule Buta, walezi waliwazoeza vijana kuishi kama ndugu na kuzungumza wazi juu ya vita na kabila, hata pale maneno yalipouma. Saa mbaya ilipofika, hawakuanza kujifunza siku hiyo. Kumbe dini si hirizi ya kuvaa shingoni. Ikibaki nyimbo na sare tu, mwenye chuki huitumia kujifunika. Ikitufundisha kumwona jirani kuwa ndugu, humzuia mtu mahali ambapo hata askari hayupo.

Basi tujipime sisi wenyewe. Je, kwaya zetu hazikugawanyika kwa makabila? Jirani akiugua, hatuulizi kwanza ametoka upande gani ndipo tumpelekee uji? Pale bombani, watoto wetu wanarudia matusi ya nani, kama si yetu?

Jibu la yule kijana halimo katika mahubiri yetu. Atalisoma katika mwenendo wetu. Kwa hiyo Jumapili ijayo, baada ya ibada, wazee, akina mama na vijana tubaki tuzungumze bila kuogopana. Naye aje na swali lake, akae mbele.

Mungu atusaidie. Amina.