Juu ya Saa za Ziada

Tangu mwaka 2016, serikali ilipotangaza kuhamia Dodoma, nyumba nyingi zimejengwa kwetu Miyuji. Jioni mnyapara huchagua watakaobaki kazini. Sheria ya Ajira ya mwaka 2004 yataka mfanyakazi akubali mwenyewe, alipwe mara moja na nusu ya ujira wa kawaida, wala saa za ziada zisipite 50 katika majuma manne. Bali nani aitwe kwanza, sheria haipangi. Basi huitwa shemeji wa mnyapara. Wengine husema, na waitwe kwa zamu. Vema, lakini haitoshi. Mama ambaye watoto wamngoja akikataa leo, jina lake hufutwa. Twaona yampasa mnyapara amwulize tena kesho, kana kwamba hakukataa.