Elimu ya Hisabu na Kodi: Je, Yafaa kwa Vijana Wetu?

Baadhi ya wazee wa Msambweni na Diani wametuuliza: kijana amekwisha pata shahada ya kwanza, sasa ataka kusoma ya uzamili katika hisabu za mali na kodi. Je, baba amlipie karo? Wachelea kuwa elimu hiyo ina milango ya riba, na kwamba kazi ya mtoza kodi haiepukani na dhuluma.

Twajibu: hofu hiyo ina asili. Mtume (S.A.W.) hakumlaani mla riba peke yake, bali na mlipaji, na mwandishi wake, na mashahidi wake wawili. Lakini laana imemshukia aandikaye mkataba wa riba, si ajuaye riba huhesabiwaje. Mwanachuoni hufundisha mlango wa ulevi naye hajaonja tone. Na asiyeijua riba ataitambuaje ikimjia imevaa jina la ada?

Ama kodi, Kadhi Abu Yusuf, mwanafunzi wa Imamu Abu Hanifa, ndiye aliyemwandikia Khalifa Harun al-Rashid kitabu cha kharaji, akambainishia lipi ni haki kutozwa raia na lipi ni dhuluma. Nayo aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani ni ya kuandika deni, yamtaka mwandishi awe mwadilifu wala asikatae kuandika. Twaisoma kwa tajwidi nzuri, kisha daftari la msikiti halionekani!

Tuangalie kwetu. Tangu 2013 hata Desemba 2024 titaniamu ilichimbwa katika mchanga wa Kwale, ikapakiwa melini Likoni. Sheria ya Madini ya 2016 iliugawa mrabaha: 70 kwa mia za serikali kuu, 20 za kaunti, 10 za wenyeji wa mahali penye machimbo. Miaka ikapita watu wakiuliza barazani fungu lao liko wapi. Kumi katika mia ya nini? Mrabaha hufuata thamani ya madini yaliyouzwa. Asiyejua thamani hiyo imefikiwaje hawezi kusema kumi aliyopewa ni kumi kweli. Basi kusoma elimu hii twaiona ni faradhi kifaya juu ya watu wa pwani, na baba alipe karo. Chuo cha Mamlaka ya Mapato kina tawi Mombasa, nacho kimeshirikiana na Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta kufundisha kodi mpaka daraja hiyo. Ni kuvuka feri tu.

Tunalolihofia sisi liko mbele ya shahada. Sheria yaruhusu mtu apunguziwe kodi kwa njia zake, na baina ya kupunguza na kuficha pana uzi mwembamba. Wako matajiri watakaomwajiri kijana kwa ajili ya kuficha, si kuhesabu. Akiwa mtozaji, ataletewa zawadi. Ibn al-Lutbiyya alitumwa kukusanya zaka, akarudi akisema: hizi zenu, na hizi nimezawadiwa mimi. Mtume akapanda mimbari, akauliza kwa nini asikae nyumbani kwa babake au mamake aone kama angeletewa kitu. Swali hilo ni la baba kumuuliza mwanawe, chuo hakitamwulizia.