Je, Taa za Jirani Ni Dhambi?

Mama mmoja wa jumuiya yetu alinijia baada ya Misa, macho yamemwiva kwa kulia. Familia yake imepanga kwa mzee mmoja wa Kihindu. Ilipofika Diwali, mke wa mwenye nyumba aliwaalika wapangaji walete watoto jioni watazame taa. Mama alifurahi, lakini mumewe alikataa katakata. "Watoto wangu wamebatizwa," alisema. "Hawaendi kwenye miungu ya watu."

Mama hakubishana naye. Bwana alipotoka kwenda zamu ya usiku, aliwavalisha watoto akaenda nao. Asubuhi kitinda mimba ndiye aliyetoa siri, tena kwa furaha: "Baba, tuliona taa nyingi kama nyota!" Tangu siku hiyo bwana na bibi walikaa wiki tatu bila kusemezana. Mama aliniuliza, "Mwalimu, nilitenda dhambi?"

Ndugu msomaji, hapa kuna maswali mawili, nasi tusiyachanganye. La kwanza ni kuhusu taa. La pili ni kuhusu ndoa.

Tuanze na taa. Diwali huangukia kati ya katikati ya Oktoba na katikati ya Novemba, usiku wa giza ambao mwezi hauonekani. Wahindu huwasha vitaa vidogo vya udongo vyenye utambi na mafuta au samli, wakavipanga mlangoni, ukutani na madirishani. Huchora maua ya rangi sakafuni na kugawiana vitu vitamu. Wengi wao hukumbuka jinsi Rama alivyorudi Ayodhya na mkewe Sita baada ya miaka 14 uhamishoni, na wenyeji wakawasha taa kuwapokea. Tazama basi: taa hizo hukumbusha pia kurudi nyumbani kwa mume na mke waliopita msituni na kwenye taabu. Wengine usiku huo humwomba Lakshmi, ambaye kwao ni mungu wa kike wa baraka na mali.

Watu hawa si wageni kwetu. Mababu wa baadhi yao walikuja kujenga reli ya kutoka Mombasa hadi Kisumu, kati ya mwaka 1896 na 1901. Mwaka 2017 Serikali iliwatambua Wakenya wenye asili ya Kiasia kuwa kabila la 44. Ni jirani zetu.

Kanisa linasemaje? Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko la Nostra Aetate la mwaka 1965, uliutaja Uhindu kwa jina, ukafundisha kwamba yaliyo ya kweli na matakatifu katika dini hizo Kanisa haliyakatai. Kila mwaka Vatikano huwapelekea Wahindu salamu za Diwali. Basi kumtembelea jirani katika sikukuu yake, kumpa mkono na kufurahia uzuri wa taa zake, si kuabudu. Kuabudu ni tendo la moyo na la mwili: kusujudu, kutoa sadaka, kuomba. Hayo Mkristu hayafanyi, wala jirani mwenye adabu hatamlazimisha.

Na vile vitamu? Mtume Paulo aliulizwa jambo kama hilo na Wakorintho kuhusu nyama. Aliwaambia wale wanachoandaliwa bila kuulizauliza. Lakini wakiambiwa kwamba kimetolewa sadaka, wakiache, kwa ajili ya dhamiri ya mwingine. Shukuru kwa upole, ukiweke kando.

Hata hivyo tusimdharau yule baba. Anaogopa mtoto asije akapotea, na hofu hiyo ni ya mzazi mwema. Ila nilimwuliza swali moja: "Mtoto wako amewahi kuuona mshumaa wa Pasaka ukiingizwa kanisani gizani?" Alinyamaza. Usiku wa Mkesha yeye huwa kazini au amelala. Mpendwa msomaji, mtoto akizijua taa za jirani kuliko mwanga wa nyumbani kwake, kosa si la jirani. Hatuilindi imani ya mtoto kwa kumfungia dirisha. Tunailinda kwa kuwasha taa yetu ndani ya nyumba.

Sasa swali la pili, lililo gumu zaidi. Mama hakukosa kwa kutazama taa. Alikosa kwa kwenda kwa siri. Jambo jema likifanywa kwa kumficha mwenzi huwafundisha watoto kwamba baba hudanganywa. Paulo huyohuyo alisema kwamba ujuzi huleta majivuno bali upendo hujenga. Mama alikuwa na ujuzi, ila dhamiri ya mumewe hakuijali. Naye baba alitoa amri pasipo kumsikiliza mkewe. Mafahali wawili wakipigana, ziumiazo nyasi: yule mtoto aliyeziona nyota aliishia kulia.

Kwa hiyo nawashauri hivi:

1. Mwaliko ukija, zungumzeni ninyi wawili kwanza, watoto wakiwa wamelala.

2. Mmoja akiwa na dhamiri nzito, asiburutwe wala asichekwe. Mwenzake angoje. Taa zitawaka tena mwakani.

3. Mkikubaliana kwenda, nendeni pamoja, na mwaeleze watoto mapema: tunamheshimu jirani, tunasali kwa Mungu wetu.

4. Washikeni watoto mkono. Fataki na miali ya taa huunguza.

5. Krismasi ikifika, mwalikeni jirani huyo kwenu.

Mama na bwana yule walisameheana mbele ya watoto, kama walivyokuwa wamegombana mbele yao. Diwali iliyofuata bwana alikubali kuwasindikiza, ila alisema yeye atabaki langoni. Alisimama pale. Baada ya muda mwenye nyumba alimletea kikombe cha chai, wakaongea habari za mvua na karo za shule hadi watoto walipotoka. Dhamiri yake haikuvunjwa, na familia yake ilirudi nyumbani pamoja.

Swali la kuzungumza mume na mke: Ni jambo gani jema ninalolifanya kwa siri kwa kuwa naogopa kukuuliza?