Sindano ya Mwanamke Nyumbani Mwake

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake na masahaba zake. Amma baad:

Ndugu zetu Waislamu, na hasa ninyi mama zetu, dada zetu na binti zetu, leo twataka kusema nanyi juu ya jambo ambalo wengi hulidhani dogo, lisilostahili kutajwa katika karatasi ya dini, nalo ni kushona nguo zenu wenyewe majumbani mwenu. Atakayesema kwamba haya ni mambo ya mafundi wala si mambo ya dini, na ayatazame madeni yaliyomo majumbani mwetu, achunguze ni mangapi yaliyotokana na chakula na ni mangapi yaliyotokana na nguo. Kisha arudi tuzungumze.

Harusi ya mjini petu leo ina siku zake, na kila siku ina vazi lake. Mwanamke huarifiwa rangi, huarifiwa kitambaa, na pengine huarifiwa duka. Asiyekuwa na uwezo haambiwi asije, la. Bali huachwa aje na nguo yake ya zamani, aketi pembeni na rangi isiyofanana na za wenzake, akitazamwa. Nani atakayevumilia kutazamwa namna hiyo? Basi hukopa. Huchukua fungu lake la chama lililokuwa karo ya mtoto, au huweka bangili rehani, au humkalia mumewe, mchukuzi wa bandarini, mpaka naye akope. Na nguo yenyewe huvaliwa usiku mmoja, kwani harusi ijayo ina rangi nyingine.

Hatusemi kwamba pambo ni haramu. Katika Sura ya Al-Aaraf, aya ya 31, Mwenyezi Mungu ametuamrisha kuchukua mapambo yetu tunapokwenda kuswali, na katika aya hiyo hiyo akatukataza israfu. Amri na katazo vimekaa pamoja, wala hatuna ruhusa ya kuchukua kimoja tukaacha cha pili. Na Mtume (S.A.W.), katika hadithi waliyoipokea Abu Daud na Ibn Majah, amemwonya mwenye kuvaa nguo kwa ajili ya kutajwa na kuonekana, kwamba Siku ya Kiyama atavikwa vazi la udhalilifu. Kila mmoja wetu na ajiulize, vazi la usiku mmoja lililonunuliwa kwa deni limenunuliwa kwa ajili ya nini?

Sasa tazameni wanawake waliotutangulia. Imamu Bukhari amepokea kwa Sahl bin Saad habari ya mwanamke aliyemjia Mtume (S.A.W.) na shuka yenye taraza, akamwambia kwamba ameifuma kwa mkono wake mwenyewe ili amvike. Mtume akaipokea, naye alikuwa na haja nayo, akatoka mbele za watu ameivaa. Akatokea mtu mmoja akaisifu na akaiomba, naye Mtume akampa. Watu wakamlaumu yule mtu, kwani alijua kuwa Mtume (S.A.W.) hamnyimi mwombaji. Akajibu kwamba hakuitaka ili aivae, bali aliitaka iwe sanda yake. Na kweli ndiyo iliyokuwa sanda yake. Jina la mwanamke yule halikutajwa katika hadithi, lakini kazi ya mkono wake ilivaliwa na mbora wa viumbe, kisha ikaingia kaburini na sahaba wake.

Na ilipoteremka aya ya 31 ya Sura ya An-Nur, inayowaamrisha Waislamu wa kike kuteremsha mitandio yao juu ya vifua vyao, Bibi Aisha (R.A.) amesimulia kwamba wanawake wa Muhajirina walizipasua shuka zao wakajifanyia mitandio kwazo. Hawakungoja msafara wa vitambaa kutoka Shamu wala Yemeni. Walikuwa na nguo mwilini na mikono miwili, na hivyo vilitosha.

Naye Asma binti Abubakar (R.A.), usiku wa Hijra mwaka 622, alipokosa kamba ya kufungia masurufu ya safari, aliupasua mshipi wake vipande viwili, na jina la Mwenye Mishipi Miwili likabaki naye mpaka leo. Huyu huyu Asma amesimulia jinsi alivyokuwa akimlisha farasi wa mumewe Zubeir, akiteka maji, akikanda unga, na akiishona ndoo ya ngozi kwa mkono wake. Na baba yake ni nani? Ni Abubakar Siddiki. Twalitaja hili kwa makusudi, kwa kuwa wako katika pwani yetu watu wanaoona kwamba binti wa nyumba kubwa akishona nguo kwa ujira ameivunjia nyumba yake heshima. Heshima gani hiyo inayovunjwa na sindano na isivunjwe na deni la dukani?

Zaidi ya huyo ni Bibi Zainabu binti Jahshi (R.A.), mke wa Mtume (S.A.W.). Mtume aliwaambia wakeze kwamba atakayemfuata wa kwanza ni yule mwenye mkono mrefu kuliko wenziwe, nao wakawa wanapimana mikono. Alipokufa Zainabu, mwaka wa 20 wa Hijra, ndipo walipofahamu kwamba urefu uliokusudiwa ni wa kutoa sadaka. Kwani yeye alikuwa fundi wa mikono, akitengeneza ngozi na kuishona, na alichopata akiwapa maskini. Wengine huongeza hapa kisa cha Nabii Idrisa kuwa ndiye mshonaji wa kwanza. Sisi hatukitumii kuwa hoja, kwa kuwa hatukukipata kwa isnadi ya kutegemewa, na yaliyo sahihi yatutosha.

Huenda mmoja akasema, hao walikuwa Waarabu wa zama zile, sisi mikono yetu haikuzoea. Haya ni maneno ya ajabu kusemwa katika pwani hii! Nani anayezishona kofia za viua ambazo wanaume wetu huzivaa Ijumaa kwa fahari? Ni wanawake wa Lamu, Pate na Siyu. Kofia moja ina vitundu vidogo visivyohesabika kwa urahisi, na kila kimoja huzungushiwa uzi kwa sindano ya mkono, kazi ambayo huweza kuchukua miezi. Mkono unaoweza kushona kiua hauwezi kushona dera? Mwanamke huyo humvika mwanamume kazi ya miezi mingi kichwani, kisha yeye mwenyewe akaenda kununua nguo iliyoshonwa na mashine ya nchi ya mbali, ambayo mshono wake hufumuka kabla ya kufuliwa mara ya tatu.

Wala kazi yenyewe si ngumu kwa mwenye kuanzia mahali pake. Mwenye kuanza na asianze na gauni la kubana lenye mikunjo. Na aanze na dera. Ajipime, au apimwe na nduguye wa kike, kutoka begani mpaka kwenye kifundo cha mguu, kisha aizidishe mara mbili na kuongeza kidogo kwa ajili ya pindo. Aliyepata mita 1.45 atahitaji kitambaa cha mita 3 hivi. Kitambaa hukunjwa kwa upana ili mabega yawe katika mkunjo, kisha hukunjwa tena kwa urefu, na shingo hukatwa katika pembe iliyopatikana. Hapo tunawasihi: ikateni shingo ndogo kuliko mnavyodhani. Shingo ndogo huongezwa, lakini iliyokatwa kubwa hairudi, na nguo nyingi za wanaoanza hufia shingoni. Mbele huteremshwa vidole viwili au vitatu kuliko nyuma. Ubavuni hupigwa bandi kwa uzi wa rangi nyingine, nguo ikavaliwa ikatazamwa, na ikipendeza ndipo mshono wa kweli ushonwe, kwa cherehani au kwa mkono. Mwenye leso doti moja aweza kujifunza kwazo kabla ya kugusa kitambaa cha ghali, na vipande vitakavyobaki vifae mkoba, foronya, au ukaya wa mtoto wa madrasa.

Na kabla ya kukata, kitambaa na kiinuliwe dirishani, mkono utiwe nyuma yake. Vidole vikihesabika, kitambaa hicho chataka shimizi ndani. Mwenye kununua nguo iliyokwisha shonwa hukubali upana aliouchagua mwingine na wepesi alioutaka mwingine. Anayejishonea huamua mwenyewe. Anayelalamika kwamba madukani hapana nguo ya stara isiyokuwa ya bei kubwa, malalamiko yake ni ya haki, na dawa yake imo katika makasi.

Kuna na jambo la kupimwa, ambalo watu wanalinyamazia. Mafundi wetu wengi ni wanaume, watu wema wanaokula jasho lao, nasi hatuwatukani. Lakini tangu lini imekuwa halali mwanamume wa kando kumzungushia mwanamke utepe kifuani na kiunoni, ati kwa kuwa ni fundi? Yule asiyeweza kushona, na apeleke kwa fundi nguo yake inayomkaa vizuri, ipimwe hiyo. Au ampelekee mwanamke mwenziwe, ambaye yumkini yuko mtaa huo huo na cherehani yake imefunikwa kitambaa kwa kukosa kazi.

Hapa twageuka kwenu wanaume, kwani twajua baadhi yenu mmekwisha furahi. Mmesema moyoni: vyema, mke akishona nitapumzika na gharama za nguo. Hapana. Mavazi ya mke ni juu ya mumewe, na hili Mtume (S.A.W.) amelitangaza mbele ya umma katika Hija ya kuaga, mwaka 632. Mke akishona amekupunguzia ujira wa fundi kwa hisani yake. Kitambaa na uzi ni juu yako. Na akishona kwa ajili ya watu akalipwa, fedha hizo ni zake. Sura ya An-Nisaa, aya ya 32, imeweka wazi kwamba wanaume wana fungu katika walichokichuma na wanawake wana fungu katika walichokichuma. Akikupa kwa ridhaa yake, ule kwa raha. Ukizichukua kwa nguvu au kwa hila, umekula mali ya mtu, hata kama mtu huyo ni mama wa watoto wako. Tumesikia mara nyingi mume akiitaja cherehani ya mkewe kuwa sababu ya kuacha masurufu, nalo ni jambo la kuaibisha. Mtume mwenyewe, kama alivyosimulia Bibi Aisha, alikuwa akiishona nguo yake na kukitengeneza kiatu chake kwa mkono wake. Ninyi kifungo kikikatika mwaita mtu.

Mfikirieni mjane. Sheria imemtaka akae eda miezi minne na siku kumi, na mara nyingi waliokuwa wakija na mabakuli wiki ya kwanza hawaonekani mwezi wa pili. Mwenye cherehani na ujuzi hupokea kazi mlangoni, akalisha watoto wake bila ya kuivunja eda yake wala kunyosha mkono. Baba anayempa binti yake ujuzi huu kabla ya kumwoza amempa kitu ambacho talaka haikichukui wala warithi hawakigawi.

Tena liko la sanda. Maiti ya mwanamke huoshwa na wanawake na kukafiniwa nao, na iliyo bora kwa madhehebu yetu ya Shafii ni vipande vitano: shuka ya kiunoni, kanzu, mtandio, na shuka mbili za kumzingira. Kanzu hiyo na mtandio huo hukatwa kwa makasi na mtu anayejua kukadiria mwili kwa macho, usiku pengine, huku nyumba imejaa kilio. Umm Atiyya na wenziwe ndio waliomwosha binti wa Mtume (S.A.W.) na kumvika shuka aliyowapa Mtume mwenyewe. Katika mitaa yetu kazi hii iko mikononi mwa mabibi wachache, nao ni wazee. Wakiondoka hao, nani atakayekata? Binti ambaye hajapata kukata hata foronya? Hii ni faradhi ya kifaya. Wakiiacha wote, wote wameingia katika dhambi.

Tunalotaka lifanyike si kubwa. Kila darasa ya wanawake inayokutana kwa Qur'ani na ichague siku moja katika wiki, baada ya kusoma, mwenye kujua amfunze asiyejua, kwa cherehani moja ya kushirikiana. Na wakati wa kuanza uangaliwe. Kila mwaka twaona masiku kumi ya mwisho ya Ramadhani, ambayo Mtume (S.A.W.) alikuwa akikesha kwa ibada na kuwaamsha watu wa nyumbani mwake, yakiishia kwa wengi wetu katika msongamano wa Biashara Street, Mombasa, na kwenye baraza za mafundi walioahidi nguo tano kwa mkono mmoja. Vitambaa vya Iddi na vinunuliwe Rajabu, vikatwe Shaabani, na pindo la mwisho likunjwe kabla mwezi haujaandama.

Wabillahi taufiki.