Chupa ya Pili



Leo sina mahubiri marefu. Nina jambo la kukiri mbele yenu.

Oktoba, mwezi wa Rozari, vijana 14 wa parokia yetu tulishuka kutoka Karatu mjini hadi kata ya Baray, upande wa Ziwa Eyasi, tukapiga kambi siku mbili za kutembea na kusali. Wanaopajua wananielewa. Kuna mashamba ya vitunguu, kijani kibichi, yanayonyweshwa na maji ya chemchemi. Ukiyapa mgongo tu, ni miiba, vumbi na jua. Ziwa lenyewe lina chumvi kwa sababu halina mto wa kutoka: maji yanakaushwa na jua, chumvi inabaki. Kiangazi linarudi nyuma sana. Mbele unaona maji yanameremeta, ukifika unakuta ardhi nyeupe iliyopasuka. Ni mazigazi.

Babu mmoja wa kule ndiye aliyetuongoza. Alisema kila mtu abebe chupa moja ya lita moja na nusu. Mimi nilibeba mbili. Ya pili niliiweka chini kabisa ya begi, nikaifunika kwa sweta. Kubeba mbili si dhambi. Subirini.

Saa sita mchana, dogo mmoja wa darasa la kipaimara akakaa chini ya mgunga, midomo imekauka, anasema kichwa kinamzunguka. Kiongozi akauliza, “Nani bado ana maji?” Kila mtu akageuza chupa yake, tupu. Na mimi nikageuza ile ya kwanza, tupu. Nikanyamaza. Moyoni nilisema: kambini bado mbali, na mimi je?

Babu akafungua kidumu chake, akamnywesha dogo taratibu mpaka kikaisha. Yeye hakunywa. “Twende, mwanangu,” akasema. “Tutatembea polepole.”

Njiani nilijifanya naenda haja, nikanywa kwa siri nyuma ya kichaka.

Siku hiyo ilikuwa Ijumaa, Matendo ya Uchungu. Jioni, zamu yangu ilikuwa tendo la kwanza: Yesu anasali bustanini. Wanafunzi wake walishindwa na usingizi. Mimi nilikuwa macho kabisa. Sauti ikagoma kutoka. Nikaenda hemani, nikaileta ile chupa, nikaiweka mbele ya dogo. “Nisamehe. Mchana nilikuwa nayo.”

Akasema, “Najua, kaka. Nilikuwa nyuma yako. Nilisikia maji yanacheza kwenye begi.”

Alijua, na hakunisema kwa mtu. Nikamwendea na babu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, “Haya. Kesho utabeba kidumu changu.” Nilikibeba. Na Jumamosi iliyofuata niliungama kwa padre.

Vijana wenzangu, someni Kutoka sura ya 16. Mungu aliwapa Waisraeli mana ya siku kwa siku. Waliobakiza mpaka asubuhi kinyume cha agizo, ikawaozea na kuingia mabuu. Zamani niliona Mungu ni mkali mno, chakula kidogo tu! Sasa naelewa kiasi. Kilichowafanya wafiche hakikuwa njaa, walikuwa wameshashiba. Walifikiri kesho Mungu hatakuwepo. Kiukweli hata mimi pale sikuwa na kiu kubwa. Nilikuwa na hofu, nikaipa jina la busara.

Na wewe chupa yako ya pili ni ipi? Labda ni hela unayosema huna wakati mama anaomba ya dawa. Labda ni muda, au neno la msamaha unaloliweka akiba. Usijidanganye kwamba hakuna anayejua. Maji yanacheza, walio nyuma yako wanasikia.

Itoe leo, kabla mwenzako hajaanguka.

Tusali: Ee Bwana, uliyeona kiu msalabani, utuondolee hofu inayofunga mikono yetu. Utupe mkate wa leo, na moyo wa kuugawa. Amina.