Niliona kwa macho yangu, kumbe sikujua

Mwanafunzi wangu mmoja aliniuliza darasani: “Ustadhi, ikiwa uongo ni haramu, kwa nini tunasoma hadithi za kubuni? Huo si uongo?”

Nilimjibu kuwa uongo ni kumfanya mtu aamini jambo lisilokuwepo. Mtunzi wa hadithi hamdanganyi mtu, kwani msomaji anajua tangu mwanzo kuwa kisa ni cha kubuni. Mwanafunzi akaridhika, lakini mimi nilibaki na swali zito zaidi. Je, kisa kisichotokea kinaweza kutufundisha kuijua kweli?

Ndugu msomaji, tuchukue kitabu cha Adili na Nduguze, alichokitoa marehemu Shaaban Robert mwaka 1952. Ikibali, mjumbe wa mfalme Rai, anafikia kwa Adili, mtu anayesifika kwa wema. Usiku anamwona mwenyeji wake akiwachapa nyani wawili, kisha akilia na kuwabembeleza. Ukikifunga kitabu hapo, utasema Adili ni mnafiki, mchana mwema na usiku katili.

Kumbe nyani wale ni ndugu zake, Hasidi na Mwivu, waliomtosa baharini kwa husuda. Jini aitwaye Huria ndiye aliyewageuza nyani, na ndiye aliyemwamuru Adili awachape kila usiku. Anayechapa ndiye aliyedhulumiwa, na kila pigo linamuumiza yeye pia.

Ikibali hakusema uongo, aliona kweli. Ila alichokiona kilikuwa nusu ya jambo. Sifa yake ni kwamba hakukipeleka sokoni. Alikipeleka kwa mfalme, na mfalme hakuhukumu kabla ya kumwita Adili na kumuuliza.

Mimi, mwalimu wa dini, sikufanya hivyo. Ramadhani moja nilimwona jirani yangu akinywa maji adhuhuri nyuma ya nyumba yake. Jioni nikamweleza mtu mmoja tu. Kabla ya Idi, habari ilikuwa imeenea mtaa mzima, na yule mzee akaacha kuja msikitini. Baadaye nikajua kuwa ana kisukari na daktari alimkataza kufunga. Alijificha kwa haya, sisi tukaiita haya yake unafiki. Nilimwendea, nikamwomba radhi, akanisamehe. Lakini maneno niliyoyatoa sikuweza kuyakusanya.

Allah (S.W.) anatuamrisha katika Surat al-Hujurat, aya ya 12, tujiepushe sana na dhana, tusipelelezane wala tusisengenyane. Aya hiyo nimeifundisha miaka mingi. Siku ile niliijua kwa ulimi tu.

Wapo watakaosema: basi tusimkosoe mtu yeyote, huenda kila ovu lina siri njema ndani yake. La hasha. Katika Surat al-Kahf, Nabii Musa (A.S.) alipoona jahazi la maskini linatobolewa, alikemea. Baadaye akaelezwa kuwa mbele yao kulikuwa na mfalme aliyenyang’anya kila jahazi zima. Lakini aliyelitoboa alikuwa na elimu aliyopewa na Mola wake. Mimi na wewe hatuna elimu hiyo. Mtu akidhulumu hadharani hawezi kujificha nyuma ya kisa hicho. Tunalotakiwa ni kuuliza kabla ya kuhukumu, na kumuuliza mhusika mwenyewe.

Na hapa ndipo ninapoliona jibu la swali langu. Hadithi ya kubuni inakiri kuwa ni ya kubuni, kisha inatuzoesha kusubiri hadi fumbo lifumbuke. Uvumi hauna ukweli huo. Huja umevaa kanzu ya habari, na sasa huingia hadi kwenye simu zetu pamoja na picha, nasi tunausambaza kabla ya kuuliza picha ilipigwa wapi na lini.

Jambo moja zaidi. Ukweli wa Adili ulipojulikana, Rai hakuishia kusema kuwa wale ndugu wamestahili. Aliwaombea msamaha, wakarudi kuwa watu. Kwa hiyo hata tukiujua ukweli wote, na mtu akawa kweli amekosa, bado kazi haijaisha.

Allah atujaalie macho yenye subira na ndimi zenye kuuliza. Amin.