Karata Haijui Cheo Chake

Majina ya karata katika Kiswahili yamebeba historia. Kopa, shupaza, pau na uru yalifika pwani pamoja na Wareno, na hilo la mwisho, uru, asili yake ni neno la Kireno la dhahabu. Kijana wa Ushirombo, mkoani Geita, anayebwaga saba ya uru juu ya gunia anaitaja, bila kukusudia, bidhaa ile ile inayowashusha wenzake ndani ya maduara, yaani mashimo ya machimbo, kutoka Bukombe hadi Geita na Kahama. Ukaribu huo wa maneno unanipa pa kuanzia swali la zamani la dini: mtu akipata na mwenzake akakosa, je, Mungu ametoa kauli juu yao? Wengi katika ukanda wa dhahabu hujibu ndiyo, hata kama jibu hilo halisemwi kanisani wala msikitini. Aliyepata ana nyota. Aliyekosa ana gundu. Mimi nashikilia kwamba kupata na kukosa si hukumu juu ya mtu, na ushahidi wangu wa kwanza nautoa mahali ambapo wahubiri hawapiti: kwenye ngazi ya mikono ya poka, na hasa kwenye poka ya chini, ambamo mkono hafifu ndio unaoshinda.

Poka ya kawaida huchezwa kwa karata 52, na mkono ni karata tano. Mikono yote inayoweza kutokea ni 2,598,960. Zaidi kidogo ya nusu yake, yaani 1,302,540, haina kitu: karata tano zisizofanana, zisizofuatana, zisizo za aina moja. Juu yake kuna jozi moja, ambayo hutokea kwa njia 1,098,240. Kisha jozi mbili, njia 123,552. Tatu zinazofanana, 54,912. Karata tano zinazofuatana, 10,200. Tano za aina moja, mathalani zote kopa, 5,108. Tatu zikiambatana na jozi, 3,744. Nne zinazofanana, 624. Kileleni kuna mfululizo wa aina moja, ambao una njia 40 tu, na kati ya hizo ni 4 zinazoishia na ree. Anayejifunza ngazi hii kwa kukariri huiona kama orodha ya vyeo. Anayeihesabu anagundua kanuni iliyoijenga: kundi lenye mikono michache hukaa juu ya kundi lenye mikono mingi. Hapo ndipo watu huona ulinganifu na dhahabu. Kilicho adimu ni bora, husema, na aliyekishika kilicho adimu amechaguliwa.

Lakini hesabu hiyo hiyo, ukiifuata hadi mwisho, inaivunja hoja hiyo. Chukua mkono wowote kwa kuutaja karata moja moja: ree, mfalme, malkia, ghulamu na kumi, zote za uru. Uwezekano wa kugawiwa mkono huo ni mmoja kati ya 2,598,960. Sasa chukua saba ya pau, tano ya kopa, nne ya uru, tatu ya shupaza na mbili ya kopa, mkono ambao mchezaji huutupa mezani kwa aibu. Uwezekano wake nao ni mmoja kati ya 2,598,960, bila kupungua wala kuzidi. Karata zilipochangwa hazikujua tofauti. Sisi ndio tuliokusanya mikono katika makundi, tukayapa majina, tukayapanga. Wala uchache peke yake hautoshi kuipa karata heshima. Saba, tano, nne, tatu na mbili zilizochanganyika aina hupatikana kwa njia 1,020 tu. Ni chache kuliko njia za tatu na jozi, na bado katika poka ya kawaida huo ndio mkono wa mwisho kuliko yote, usioweza kuushinda mkono wowote.

Poka ya chini inaugeuza mkono huo huo kuwa mfalme. Katika namna yake moja, saba, tano, nne, tatu na mbili za aina tofauti ndio mkono bora. Ree huhesabiwa kuwa kubwa, kwa hiyo ni mzigo, na mfululizo au aina moja humharibia mchezaji. Katika namna nyingine ree huhesabiwa kuwa moja, mfululizo na aina moja hazihesabiki, na mkono bora ni tano, nne, tatu, mbili na ree. Itazame basi ree ya uru. Juu ya meza moja ni utajiri, juu ya meza ya pili ni hasara, juu ya meza ya tatu ni baraka ya udogo. Karatasi haijabadilika, kilichobadilika ni mapatano ya waliokaa.

Ardhi ya Geita yenyewe imewahi kuchezwa kwa kanuni mbili. Katika karne ya 19 mafundi wa jamii ya Warongo, upande wa Uzinza, walikuwa wakiyeyusha chuma na kufua majembe yaliyosafirishwa hadi Usukuma na Unyamwezi, na jembe lilikuwa mali: lililimia, lilibadilishwa kwa bidhaa, lilitolewa mahari. Dhahabu ilikuwa ardhini wakati wote huo. Ilitambuliwa na Wajerumani mwaka 1898, na tangu hapo soko la mbali likaipandisha juu ya chuma. Je, tuseme mhunzi wa Kirongo hakuwa na nyota kwa sababu alipita juu ya mwamba wa dhahabu akitafuta mawe ya chuma? Alikuwa na karata nzuri kwa mchezo wa zama zake.

Itikadi ya nyota haiishii kwenye maneno. Mtu akiamini kwamba bahati ni kitu kinachokaa ndani ya mwili wa binadamu, atatafuta namna ya kukinunua, kukisafisha au kukipora. Ndiyo maana neno ndagu, yaani uganga wa kusaka utajiri, linatisha katika Kanda ya Ziwa. Ndiyo maana, kuanzia miaka ya 2000, watu wenye ualbino wa Shinyanga, Geita na Mwanza waliwindwa na kuuawa ili viungo vyao vilete dhahabu na samaki, hadi serikali ikasimamisha leseni za waganga wa jadi Januari 2009. Polisi na mahakama wana kazi yao, lakini chini ya panga la wauaji kulikuwa na kosa la fikra: kudhani kwamba mgawo wa bahati una siri ndani yake, na kwamba siri hiyo inapatikana kwenye damu ya mtu. Karata zilizochangwa vizuri hazina siri. Aliyeelewa hivyo hana sababu ya kumtazama jirani yake kama chanzo cha gundu wala kama dawa ya utajiri.

Nitaambiwa kwamba maisha si mchezo. Mtoto akiugua usiku, dawa hainunuliwi kwa falsafa. Hununuliwa kwa fedha, na fedha huja duara linapotema. Kweli kabisa, wala sisemi thamani ya dhahabu ni ndoto. Kanuni iliyowekwa na watu ina nguvu kamili juu ya watu. Ila kanuni iliyowekwa na watu ina wenyewe wa kuulizwa. Kama umaskini ungekuwa kauli ya Mungu, kuugusa kungekuwa ukaidi. Ukiwa ni matokeo ya mgawo na kanuni, basi kuacha mtoto afe kwa kukosa dawa ni uamuzi wetu, nasi tutaulizwa.

Pingamizi la pili linatoka kwa waumini wenyewe. Kamari ni haramu. Vipi mafunzo ya imani yachotwe humo? Ushirombo ni mji uliopokea Wamisionari wa Afrika mwaka 1891, na Waislamu nao wana misikiti yao. Pingamizi hili lina uzito katika nyumba nyingi. Qurani, katika sura ya al-Maida, inaikataza kamari na kueleza sababu: huleta uadui na chuki, na huwazuia watu na sala. Katekisimu ya Kanisa Katoliki haihesabu michezo ya bahati kuwa dhambi kwa asili yake, lakini inaikataa inapomnyang'anya mtu kile anachohitaji yeye na wanaomtegemea. Dini hizi mbili hazilingani hapa, nami sizilazimishi zilingane. Zote mbili zinaitazama riziki iliyowekwa dau na nyumba inayobaki na njaa. Kuhesabu mikono hakuweki dau lolote. Tena, aliyeona kwa macho yake kwamba mikono 1,302,540 haina kitu ana kinga dhidi ya yule anayemwambia leo ni siku yako.

Pingamizi la tatu ndilo zito. Poka si mgawo tu, ni akili. Mwenye mbili, tatu, nne na saba za aina tofauti pamoja na mfalme, katika namna ya kwanza ya poka ya chini, hutupa mfalme na kuomba karata moja, kwa sababu kati ya 47 asizoziona, tano na sita ni nane zitakazomkamilishia mkono wa saba. Mjinga angemng'ang'ania mfalme kwa jina lake. Je, hapo hakuna anayestahili? Yupo, nami nakubali kwa moyo wote. Mfano wa talanta katika Injili ya Mathayo unasimama papo hapo: watumwa walipewa viwango tofauti, na bwana hakumuuliza yeyote kwa nini alipewa kidogo, aliuliza alichofanya. Hukumu inaanzia pale mkono unapochagua, baada ya karata kugawiwa. Aliyepewa kapewa, wahenga walisema, na walisema kweli kuhusu zawadi. Hawakusema kwamba zawadi ni cheti cha tabia.

Wala nisieleweke kwamba poka ya chini ni Injili. Wapo wanaosoma habari ya wa mwisho kuwa wa kwanza kama ahadi ya kupindua meza: maskini apande, tajiri ashuke. Lakini meza iliyopinduliwa bado ina juu na chini. Mkono wa saba unaotawala huko unaidharau mingine kama ree ilivyoudharau huku. Katika mfano wa vibarua wa shamba la mizabibu, walioajiriwa saa ya mwisho hawakulipwa zaidi ya wa kwanza. Walilipwa sawa, kwa kuwa, ninavyousoma mfano huo, mwenye shamba alitazama kile anachohitaji mtu kuishi siku nzima.

Kwenye maduara mengi mawe hugawanywa kwa mifuko kabla hayajasagwa. Mwenye leseni anachukua yake, mwenye duara yake, wachimbaji yao, na hakuna anayejua mfuko upi una dhahabu. Kilichomo ndani ya mfuko hakikuamuliwa na yeyote aliyesimama pale, na hakimwelezi aliyeubeba. Idadi ya mifuko kwa kila mmoja, hiyo ilikubaliwa na watu kwa vinywa vyao, na kwa vinywa hivyo hivyo inaweza kukubaliwa upya.